Jiko lako halikuliwa na mvua, limeliwa na majivu

Swali: Fundi, shikamoo. Nina jiko la kuchomea nyama la nusu pipa, nililinunua miaka mitatu iliyopita hapahapa Tanga. Mara ya mwisho tulichoma mwezi wa pili, kisha likabaki uani na masika yote yameliishia juu. Sasa wavu umeshika kutu nyekundu, tumboni majivu yameganda kama saruji, na nikilitazama kwa chini naona nukta mbili tatu za mwanga. Mwezi ujao tuna wageni, nataka kuwachomea mbuzi. Fundi wa jirani ananiambia nilipake rangi ya silva ndani na nje, litakuwa jipya. Ni sawa? Na shemeji yangu karudi kutoka Muscat na jiko la gesi lililokaa stoo miaka miwili. Hilo nalo tulifanyeje?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nianze na hiyo rangi, maana ikishapakwa kuitoa ni kazi mara tatu. Ndani usipake kitu. Rangi ya silva ya kawaida ni ya mageti na madirisha. Ukiwasha mkaa juu yake inavimba, inababuka vipandevipande, na moshi wake utaufikia mnofu kabla ya chumvi. Nje utapaka, lakini rangi nyingine na siku ya mwisho. Tutafika huko.

Mvua nayo uipunguzie lawama. Pipa tupu likinyeshewa na kukauka hupata kutu ya juujuu tu, ambayo msasa unaitoa. Kilichotoboa kitako chako ni majivu uliyoyaacha mwezi wa pili. Majivu ya mkaa yana chumvichumvi zinazovuta unyevu wa hewani, ndiyo maana ukiyaacha usiku, asubuhi unayakuta yamepata unyevunyevu na kulegea hata kama halikudondoka tone. Sisi wa pwani tuna la ziada, hewa yenyewe inatoka baharini na chumvi yake. Hapo ongeza mafuta ya nyama yaliyodondoka na maji ya viungo yaliyochuruzika, vyote vimelalia bati ambalo unene wake ni kama milimita moja. Bati hilo halikukauka hata siku moja tangu mwezi wa pili. Hata kama lingekaa barazani bila kuonja mvua, bado kitako kingeoza, pengine kwa kuchelewa kidogo. Nimeletewa mapipa ya namna hiyo kutoka ndani ya nyumba kabisa.

Kwa hiyo anza na tumbo, si wavu. Watu wengi hukimbilia wavu kwa sababu ndio unaoonekana.

Kabla hujaingiza mkono, ligonge pipa kwa nje na gongo, uliinamishe, usubiri kidogo. Jiko lililofungwa miezi minne ni nyumba ya mtu. Nimewahi kukuta tandu chini ya majivu, nyigu kwenye kona ya mfuniko, na mara moja paka na watoto wake. Vaa glavu pia. Majivu yaliyolowana yanatafuna ngozi, hasa penye mchubuko, na yakiruka jichoni utakimbilia bomba. Bibi zetu walichuja maji ya majivu kupata magadi ya kulainishia maharage, na maji hayohayo ndiyo yako humo tumboni, ila haya hayajachujwa.

Majivu yaliyoganda yavunje yakiwa makavu. Ukimwaga maji kwanza unapata uji mzito unaojipaka kila mahali. Tumia jembe la mkono au kipande cha bati, kisha malizia na ufagio wa chelewa uliochakaa. Ule mpya utaharibika bure, na mwenye nyumba atakuuliza. Likishakuwa tupu, chukua bisibisi uguse kitako kizima, hasa mstari wa katikati ambako majivu hulundikana. Unabonyeza kwa nguvu ya kawaida. Bisibisi ikigoma, bati ni zima. Ikizama kama kwenye biskuti, hapo pameoza, hata kama macho yalikuambia ni pazima.

Kwa nukta mbili tatu kama ulivyosema, jiko bado halijafa, ila usimpe fundi azibe matundu kwa kuchomelea. Bati la pipa lililokwisha kuliwa likipigwa moto wa mashine linayeyuka, na tundu la ukubwa wa njegere linakuwa la ukubwa wa shilingi. Ninachofanya mimi ni sakafu ya pili. Nunua kipande cha bati nene jeusi, milimita tatu, mwambie fundi akikunje kidogo kama trei na akitoboe matundu ya kidole. Kilaze juu ya vipande viwili vya nondo ndani ya pipa, kiinuke kama sentimita tano kutoka kwenye kitako. Mkaa utakaa juu ya trei, majivu yatashuka chini, na hewa itapita katikati. Mkaa utashika haraka zaidi kuliko zamani na trei unaitoa nzima kwa koleo kwenda kumwaga. Matundu ya zamani yaache yalivyo, yatakuwa ya kupitishia hewa na maji. Ila hakikisha chini ya jiko hapana nyasi kavu wala mkeka, maana cheche zitapita humo.

Kitako kikiwa kimeoza zaidi ya kiganja, tafuta pipa jingine. Hapa nikukanye jambo moja hata kama hukuuliza. Pipa la lita 200 lililofungwa, ambalo lilibeba petroli, tina au mafuta yoyote, usilikate wala usimruhusu kijana wa mtaani alikate kwa grainda kavukavu. Linaweza kunuka kidogo tu na bado mvuke uliobaki ndani ukalipuka kwa cheche moja. Mafundi wenye akili huliosha, hulifungua vifuniko vyote na kulijaza maji karibu na mstari wa kukata. Na uulize lilibeba nini. La mafuta ya kula ndilo bora. La oili ya gari linafaa ukishalichoma vizuri. La dawa ya kuulia wadudu au kemikali usiyoijua usilichukue hata la bure, maana moto hautakuhakikishia chochote. Mapipa mengi yana rangi au utando ndani, kwa hiyo jipya lichomwe kwa kuni, moto mkubwa wa saa nzima na zaidi, mpaka ndani pabaki chuma cheupe-kijivu bila ganda. Siku hiyo simama upande upepo unakotoka.

Sasa wavu. Swali la kwanza ni umetengenezwa kwa nini. Ukiwa wa nondo nyembamba au chuma cheusi, kutu isikutishe. Kutu ya juu si sumu, ni uchafu tu, inatoka. Lakini ukiona mahali pasipo kutu pana rangi ya fedha yenye maua maua kama barafu iliyopasuka, huo ni wavu wa mabati, umepakwa zinki. Wavu wa namna hiyo, pamoja na ule waya wa kufugia kuku ambao watu huutandika juu ya mkaa wakiona wamebana matumizi, siupendi kabisa karibu na chakula. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi joto 419 za Selsiasi, na mkaa uliokolea hupita hapo bila kujikaza. Na ndimu na siki ulizokandia nyama huila zinki hiyo hata kabla haijayeyuka.

Moshi wa zinki ninaufahamu mwilini. Nikiwa kijana karakana, nilishinda nikichomelea mabomba ya mabati, mlango umefungwa kwa sababu ya mvua. Usiku nikatetemeka, viungo vikauma, kinywani ladha ya chuma. Nikasema malaria hiyo. Kesho yake jioni nikawa mzima kama sikuumwa. Wakubwa wa karakana walinipa maziwa, kama mafundi wanavyofanya mpaka leo, na mimi niliyanywa, lakini maziwa hayatoi moshi kifuani. Kinachosaidia ni mlango kuwa wazi. Juu ya jiko la nyama hutapata kipimo kile nilichokipata mimi, ila sioni sababu ya kujitafutia hata kidogo chake wakati nondo ipo na bei yake inajulikana. Rafu ya friji la zamani nayo iache. Nyingine zimevikwa plastiki, nyingine zilipakwa kadimiamu, na kadimiamu ni sumu hasa.

Tuseme wavu wako ni wa nondo. Uchome kwanza. Washa mkaa kidogo, uushushe wavu karibu na makaa uwezavyo, uuache dakika 15 hadi 20. Mafuta ya zamani yatageuka jivu jeupe na kutu iliyolegea itaanza kujiachia yenyewe. Hapo ndipo unasugua. Watu husugua wavu wa baridi, mafuta yameganda kama lami, wanatoka jasho saa nzima kwa kazi ambayo moto ungeifanya wao wakinywa chai.

Ukisharudi kuwa vuguvugu, chukua kumbi la nazi na mchanga laini, usugue fito moja moja, juu na chini. Kumbi linashika mzunguko mzima wa nondo na halina waya. Nasema hivyo kwa makusudi. Brashi za waya zinauzwa kila duka la vifaa na zinasafisha vizuri, ila zikizeeka zinaacha nyuzi nyembamba kwenye wavu, nyuzi zinaganda kwenye mnofu, mtu anameza. Mwaka 2012 taasisi ya kudhibiti magonjwa ya Marekani, CDC, ilieleza visa sita vya namna hiyo kutoka hospitali moja ya Providence, jimbo la Rhode Island. Baadhi ya wagonjwa waliathirika shingoni kwenye koo, wengine tumboni. Ukiwa nayo na huna jinsi, itumie kutoa kutu, kisha uoshe wavu kwa maji na uufute kwa kitambaa kilicholowa, ukitazama kitambaa chenyewe kimeokota nini. Stilwaya ya masufuria ina tabia hiyohiyo.

Kutu iliyobaki kwenye maungio, pale fito zinapokutana, ndiyo ngumu. Lowesha matambara kwa siki, uyafunge juu ya maungio hayo usiku kucha, uyafunike na mfuko yasikauke. Ndimu na chumvi pia vinafanya kazi, ila kwa wavu mzima utamaliza fungu zima la sokoni. Asubuhi sugua, osha kwa sabuni ya vyombo, suuza sana. Usiuache ukaukie juani. Siki ikishaondoa kutu, chuma kinabaki uchi, na chuma kilicho uchi hapa Tanga kinashika kutu mpya kabla ya adhuhuri. Urudishe juu ya makaa papo hapo mpaka usikie kimya, yaani maji yaache kulia.

Baada ya hapo unaupaka mafuta, na hapa ndipo wengi huharibu kwa ukarimu. Chukua kishungi cha katani (katani hatujaikosa mji huu) au kitambaa cha pamba, ukichovye kwenye mafuta ya alizeti kidogo tu, upake wavu uliotolewa motoni ukiwa bado wa moto wa kushikika kwa glavu. Kisha chukua kitambaa kikavu uyafute mafuta yale kama mtu aliyejuta kuyapaka. Kinachotakiwa kubaki ni ute usioonekana. Uurudishe juu ya makaa mpaka uache kutoa moshi, kama nusu saa. Mafuta yanageuka ngozi nyeusi ngumu, haitoki kwa maji, na nyama haigandi. Rudia mara tatu. Ukipaka mengi kwa pupa yatakuwa gundi inayonata, na vumbi lote la uani litakuja kukaa hapo. Mafuta ya wanyama yanafaa pia, lakini yasiposhikwa na moto wa kutosha yanachacha, na wavu utanuka siku nyingine.

Mfuniko usiusahau. Upande wa ndani una maganda meusi yanayoning'inia kama rangi iliyobanduka. Ni masizi na mafuta yaliyokauka, na siku ya wageni yatadondokea nyama mbele yao. Yakwangue kwa kisu butu na upige mswaki mkavu. Usihangaike mpaka ung'ae. Weusi laini uliobaki unalilinda bati, uache.

Nje sasa. Piga msasa penye kutu, futa vumbi, kisha paka rangi ya kustahimili joto, ile wanayopulizia ekzosti za pikipiki. Kopo lake huandikwa nyuzi inazovumilia, chukua ya kuanzia nyuzi 500. Ikauke kwa muda ulioandikwa, halafu uwashe moto mdogo bila nyama ili ikomae. Itanuka siku hiyo. Ukichoma mbuzi kabla ya moto huo, wageni watakula rangi.

Mkaa wako nao uutazame. Gunia lililokaa stoo masika nzima limenywa maji. Mkaa wa namna hiyo unalia, unarusha cheche na kutoa moshi mwingi kabla ya kukolea. Uanike juani siku mbili. Ukigonga vipande viwili vikalia kama vigae, ni mkavu. Kuwashia tumia vifuu na magunzi ya mahindi. Mafuta ya taa yanaacha harufu ambayo pilipili haiifichi, na petroli haina mjadala. Vipande vya mifuko ya plastiki ambavyo vijana huvisokomeza chini ya mkaa nitavitaja mara moja tu: usiruhusu mtu akuwashie hivyo jiko la chakula. Subiri mkaa upate majivu meupe juu, kisha weka kiganja kimo cha shubiri juu ya wavu. Ukiweza kuhesabu mpaka tatu tu, moto ni wa kufunga mnofu kwa nje. Kwa mbuzi mwenye mifupa unataka kuhesabu mpaka sita au saba, kwa hiyo sogeza mkaa wote upande mmoja, nyama ikae upande wa pili, ufunike. Jiko la pipa ni zuri kwa hilo, na sijui kwa nini watu hulijaza mkaa pande zote kama wanachoma matofali.

Mwezi ujao mvua za mchoo zinaweza kupita. Zikinyesha siku yenyewe, liache jiko nje na mnyeshewe nyinyi, au funga turubai juu sana lenye pande wazi. Usiliingize sebuleni wala stoo hata likionekana limezimika. Makaa yanayofifia hutoa kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu, na mtu hulala nayo asiamke.

Jiko la shemeji ni habari fupi. Gesi isiyo na moto mzuri baada ya stoo mara nyingi imezibwa na buibui, hujenga ndani ya mabomba ya vichomeo. Yafungue uyasafishe kwa waya mwembamba na uyapulize. Mpira wa gesi uukunje kwa mikono, ukiona nyufa utupe bila huruma. Regyuleta lazima ilingane na mtungi wa hapa na presha iliyoandikwa kwenye kibati cha jiko, ile ya Muscat huenda isikae kwenye mtungi wetu, na mtu asiilazimishe kwa kufunga na mpira wa baiskeli. Kisha fungua gesi bila kuwasha, paka povu la sabuni kwenye kila maungio. Povu likitoa mapovu yanayokua, gesi inavuja hapo. Usitafute uvujaji kwa kiberiti. Nimewaona wanaofanya hivyo, na nyusi zao nimeziona pia.

Mbuzi akishaliwa, kuna robo saa ya kazi inayookoa yote haya. Wavu ukiwa bado wa moto, usugue kwa kumbi, uufute kwa kile kishungi cha mafuta, na ukipoa uutundike jikoni ndani, si uani. Majivu yaache usiku huo chini ya mfuniko, kwa sababu chini yake makaa hukaa hai mpaka siku ya pili. Kesho yake jioni yatoe yote, fagia tumbo kwa chelewa, ulipindue pipa kifudifudi juu ya matofali mawili ili hewa ipite. Turubai ukilifunika lisigusane na bati, maana jasho linalokusanyika chini ya turubai ni mvua nyingine.

Majivu yenyewe yaweke kwenye debe la chuma lenye kifuniko, si ndoo ya plastiki. Yakiwa ya baridi kabisa unaweza kuyanyunyiza kidogo kwenye tuta la mchicha, ila yale yenye mafuta yafukie mbali. Mbwa wa jirani atayanusa hata yakiwa ndani ya debe, kwa hiyo liwekee jiwe juu.